Ramani Ifuate Mfuko: Hoja ya Kujenga kwa Awamu Zinazokalika

Pembezoni mwa miji ya Tanzania, kuanzia Chanika na Kigamboni jijini Dar es Salaam hadi Buswelu jijini Mwanza na Ihumwa jijini Dodoma, pagale, yaani nyumba iliyosimamishwa kuta bila kuezekwa, au iliyoezekwa ikaachwa bila milango, madirisha na sakafu, limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wapita njia hawaulizi tena lilianza lini wala litakamilika lini. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba kipato cha wananchi ni kidogo na bei za vifaa hupanda kila mara. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa katika mtaa mmoja hupatikana watu wawili wenye kipato kinachokaribiana, mmoja akiwa amehamia nyumba yake ndogo baada ya miaka michache, na mwingine akiendelea kulipa kodi ya pango ilhali kuta za nyumba yake kubwa zinaota ukungu na magugu yanamea sebuleni. Kinachowatenganisha wawili hawa ni mpango, na hasa mahali mpango ulipoanzia: wa kwanza alianza na fedha aliyokuwa na hakika nayo, kisha akachoresha nyumba inayoenea ndani ya fedha hiyo; wa pili alianza na ramani iliyompendeza, kisha akatumia miaka yake kuikimbiza.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kujenga kwa awamu, kadiri fedha inavyopatikana, ni njia ya busara kwa Mtanzania wa kipato cha kawaida, lakini huzaa matunda pale tu kila awamu inapopangwa iishie kwenye kitu kinachokalika au, kwa uchache, kwenye kitu kisichoharibika kikisubiri. Mapagale mengi huzaliwa pale nyumba inapopangwa kana kwamba fedha yote ipo, kisha ikajengwa kwa vipande kwa sababu fedha hiyo haipo.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini wananchi wengi hujenga kwa njia hii, ili lawama isiwaangukie wasiostahili. Katika nchi ambamo mkopo wa nyumba, yaani fedha ndefu inayolipwa kwa miaka 15 au 20 kwa dhamana ya nyumba yenyewe, umeenea, mwananchi huhamia nyumba iliyokamilika na kuilipia akiwa ndani yake. Tanzania ilitunga sheria mahususi ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuziwezesha benki kutoa mikopo hiyo kwa muda mrefu zaidi, lakini hadi sasa jumla ya mikopo ya aina hiyo haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limejenga maelfu ya nyumba, lakini mahitaji yameendelea kuuzidi uwezo wake. Kwa hiyo mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa sokoni na mkulima wa korosho hubaki na njia moja, ambayo ni kujenga kwa mshahara, kwa faida ya duka, kwa mavuno, kwa mgao wa kikoba, kwa mkopo wa SACCOS au kwa kiinua mgongo. Mtu wa namna hii hugeuza matofali kuwa akiba, kwa sababu fedha iliyo mkononi huliwa na matatizo ya kila siku, ilhali tofali lililokwisha kupangwa ukutani haliwezi kuombwa na ndugu wala kupelekwa hospitali. Uamuzi huo una mantiki, na wataalamu wanaoudharau hawajauelewa.

Pamoja na hayo, akiba iliyofungwa katika ukuta usiokalika haizai kitu, na hapa ndipo makadirio yanapokuwa jambo la msingi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 tabia ya binadamu inayoweza kuitwa hadaa ya mipango, yaani mwelekeo wa mtu kukadiria kazi yake kwa kuangalia hali njema tu, hata kama kumbukumbu zake mwenyewe zinamwonesha kuwa kazi za aina hiyo hazikuwahi kwisha kwa wakati. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliulizwa wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34, na walipoombwa wakadirie siku endapo kila kitu kingekwenda vibaya kabisa walisema karibu 49, lakini wastani halisi ukawa zaidi ya siku 55. Hadaa hiyo haiwapati wanafunzi peke yao: jengo la opera la Sydney nchini Australia lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za nchi hiyo na kukamilika mwaka 1963, likafunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola milioni 102. Kama serikali yenye wahandisi na wahasibu wake inaweza kukosea kwa kiasi hicho, mjenzi anayekadiria nyumba yake kwa mazungumzo na fundi mmoja chini ya mwembe hana sababu ya kujiona salama.

Kahneman alipendekeza tiba iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuitii. Mtu anayekadiria huwa na mitazamo miwili: mtazamo wa ndani, unaohesabu hatua za kazi yake mwenyewe na kuzijumlisha, na mtazamo wa nje, unaouliza kazi kama hiyo iliwagharimu wengine kiasi gani. Mtazamo wa ndani humfanya mjenzi aamini kuwa mambo yake yatakwenda tofauti na ya wengine. Mtazamo wa nje humrudisha kwenye ukweli. Kwa mazingira ya Tanzania, hii ina maana kwamba kabla ya kumuuliza fundi bei, mjenzi awatafute watu watatu au wanne waliojenga karibu na kiwanja chake katika miaka ya karibuni na ambao tayari wamehamia, awaulize kwa heshima walitumia kiasi gani kwa jumla, walichukua muda gani, na ni jambo gani hawakulihesabu. Majibu ya watu hao yatakaribia ukweli kuliko orodha yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni umaliziaji, na sababu yake inaonekana wazi kwa hesabu ndogo. Tofali la saruji la inchi 6 linalotumika sana nchini lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, sawa na takriban sentimita 45 kwa 23. Likisimamishwa na kuunganishwa kwa udongo wa saruji wa sentimita moja, mita moja ya mraba ya ukuta huhitaji matofali 9 hivi, na likilazwa, kama inavyofanyika katika misingi mingi, huhitajika karibu 14. Ukuta wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 3 huhitaji basi matofali yapatayo 270, pamoja na ziada kidogo kwa ajili ya yatakayovunjika. Hesabu hiyo kila fundi anaijua, na ndiyo inayomfanya mjenzi aamini kwamba ameielewa nyumba yake. Lakini ukuta huo wenye mita 30 za mraba una nyuso mbili, kwa hiyo utahitaji mita 60 za mraba za lipu, yaani tabaka la mchanga na saruji linalosawazisha ukuta, na juu ya lipu huja tabaka jingine la kulainisha, kisha rangi ya kwanza na ya pili. Kila anayeongeza mita moja ya ukuta amejiongezea mara mbili yake katika kazi ambayo hataiona mpaka miaka ya mbele.

Vivyo hivyo kwa sakafu na paa. Nyumba yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 12, ambayo kwa vipimo vya siku hizi ni nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo na bafu ndani, huchukua mita 120 za mraba. Jamvi lake, yaani zege la sakafu linalomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, likiwa na unene wa sentimita 10 hufikia mita 12 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, hilo ni jambo la mifuko 75 hadi 80 ya saruji ya kilo 50, kabla hata ya kununua kigae kimoja. Juu yake, paa likitokeza nje ya kuta kwa sentimita 60 kila upande na kuinama kwa nyuzi 25, eneo lake la mabati hufikia karibu mita 163 za mraba, yaani zaidi ya theluthi moja juu ya eneo la sakafu, na hapo hayajahesabiwa mabati yanayopotea kwa kukatwa pale paa linapokuwa na migongo na mabonde mengi. Chini ya paa kuna kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba mabati, kisha mbao nyembamba za kushikia dari, kisha dari yenyewe. Baada ya hapo huja nyaya, mabomba, chemba za maji machafu na karo, milango, madirisha na grili zake, masinki, vigae vya chooni na jikoni, kuvuta umeme na maji, na hatimaye uzio. Wenye uzoefu husema kuwa aliyefika kwenye paa yupo nusu ya njia, na hesabu hizi zinaonesha kuwa kauli hiyo haikutiwa chumvi.

Kuna gharama nyingine zinazotangulia hata tofali la kwanza. Kiwanja ambacho hakijapimwa huweza kugeuka kuwa barabara au eneo la shule katika mpango wa baadaye, na kiwanja cha bondeni kinaweza kuwa na bei nafuu kwa sababu tu maji yanakifahamu. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwalazimisha baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi kuhamia Mabwepande, wakiacha nyumba walizozijenga kwa nguvu za maisha yao. Kiwanja chenye mteremko huhitaji msingi mrefu na kifusi kingi upande wa chini, na kiwanja chenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, huhitaji msingi uliobuniwa na mhandisi, la sivyo nyufa zitafuata. Hati, upimaji, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri na michoro iliyoandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa vyote vina ada, na vyote vina umuhimu unaozidi ada hizo.

Ukweli huu ukikubalika, uamuzi wa kwanza na mzito kuliko yote ni ukubwa wa nyumba. Mjenzi anaweza kubishania bei ya mfuko wa saruji siku nzima na kuokoa shilingi mia chache, ilhali kuondoa chumba kimoja kisicho na mtu wa kukilalia kungemwondolea kuta, lipu, rangi, dari, vigae na mabati kwa mara moja. Nyumba ya mita 8 kwa mita 7 na nusu huchukua mita 60 za mraba, nusu ya ile iliyotajwa juu. Kuta zake za nje hazipungui kwa nusu, kwa kuwa mzunguko wake hushuka kutoka mita 44 hadi 31 tu, lakini jamvi, dari na vigae vyake vitakuwa nusu, na paa nalo litakaribia hapo. Ndani ya eneo hilo huingia sebule, jiko, vyumba viwili na choo. Familia ya vijana yenye watoto wawili inaweza kuishi humo kwa heshima, ikaacha kulipa kodi, na kodi hiyo ikawa chanzo cha fedha cha awamu inayofuata. Wahenga waliposema mtu hujikuna ajipatapo walikuwa wakitoa kanuni ya uchumi wa kaya ambayo mjenzi wa leo anaihitaji kuliko aliyeisikia kwa mara ya kwanza.

Wapo watakaosema kuwa kuanza na nyumba ndogo ni kukata tamaa, lakini historia ya makazi ya pwani inaonesha kinyume chake. Nyumba ya Kiswahili iliyoijenga Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke ya zamani, yenye ujia katikati, vyumba vitatu kila upande na ua wa nyuma wenye jiko na choo, ilipangwa kwa namna iliyoruhusu kukua. Mwenye nyumba aliweza kuanza na vyumba viwili, akahamia, akapangisha kimoja, akaongeza kingine. Alianza na miti, udongo na makuti, akabadilisha makuti kuwa bati na udongo kuwa tofali kadiri alivyojaliwa. Katika kila hatua nyumba hiyo ilikuwa na mtu ndani yake. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitekeleza mradi wa viwanja vyenye huduma, ambapo maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni yalipimwa na kuwekewa barabara na maji, kisha wananchi wakajenga wenyewe taratibu kadiri ya uwezo wao. Sinza ya leo ni ushahidi kwamba mtaa unaweza kuanza na nyumba za kawaida na kukua hadi kuwa wa kutamaniwa, mradi msingi wa mpango uliwekwa vizuri tangu awali.

Awamu inayokalika, hata hivyo, haiji kwa bahati, kwa maana sehemu itakayoongezwa baadaye ni lazima iwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Msanifu majengo aelezwe wazi kuwa nyumba itajengwa kwa vipande viwili au vitatu, ili choo na jiko viwe katika kipande cha kwanza, karo liwekwe mahali ambapo chumba cha baadaye hakitaliangukia, paa liwe na umbo linaloweza kurefushwa bila kubomolewa, na ukuta utakaofunguliwa uwe na lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha na kuzifunga kuta pamoja, uliokwisha kubeba mzigo wa mlango wa kesho. Mtu anayenunua mchoro wa nyumba nzima na kujenga nusu yake kwa kubahatisha hubaki na nyumba isiyo na choo, au na paa linalomwaga maji kwenye ukuta wa chumba kipya.

Mpango wa awamu unahitaji pia kutaja mahali pa kusimama fedha ikikatika, kwa kuwa fedha hukatika. Msingi uliokamilika, ukajazwa kifusi na kumwagiwa jamvi, unaweza kusubiri kwa muda bila madhara makubwa. Kuta zilizoachwa chini ya lenta haziwezi, kwa sababu mvua hula udongo wa saruji uliopo kati ya matofali na upepo huzitikisa zikiwa hazijafungwa. Kwa hiyo anayepandisha kuta awe tayari ana fedha ya lenta na, ikiwezekana, ya paa, na asipokuwa nayo asubiri kwenye msingi. Hali ni hiyohiyo kwa kununua vifaa kabla ya wakati, njia ambayo wengi huitumia kukwepa kupanda kwa bei. Matofali na kokoto husubiri vizuri. Mchanga huchukuliwa na mvua na watu. Nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, hasa karibu na bahari. Mbao hupinda na kuliwa na mchwa. Na saruji hupoteza nguvu ndani ya miezi michache, mapema zaidi katika unyevunyevu wa pwani, hata ikiwa mfuko haujafunguliwa. Akiba ya vifaa ina faida kwa anayejua ni kifaa gani hutunza thamani yake.

Kalenda nayo ina neno lake. Katika ukanda wa pwani masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kwa hiyo miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo nafasi bora ya kuchimba msingi na kuezeka. Dodoma, Iringa na Mbeya zina msimu mmoja wa mvua unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika karibu na Aprili. Zege lenyewe lina muda wake: linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7 ili lisikauke haraka na kupasuka, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Mwenye nyumba anayemhimiza fundi apandishe kuta wiki hiyohiyo ili mgeni wake akute jengo limesimama anaununua udhaifu kwa fedha yake mwenyewe.

Suala la watu lina uzito sawa na suala la vifaa. Migogoro mingi kati ya mwenye nyumba na fundi hutokana na makubaliano ya mdomo, ambapo kila upande unakumbuka bei yake. Mkataba wa kurasa mbili, ulioandikwa kwa Kiswahili na kushuhudiwa, unaotaja kazi, vipimo, bei ya ufundi na malipo yanayotolewa baada ya hatua kukamilika na kukaguliwa, humlinda fundi mwaminifu kama unavyomlinda mwenye nyumba. Kabla ya mkataba huo inafaa kumlipa mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu anayepima michoro na kutoa mchanganuo wa kila kifaa na kila kazi pamoja na bei yake. Bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, pamoja na zile za wahandisi na makandarasi, zipo ili mwananchi aweze kuthibitisha kuwa anayezungumza naye ana sifa. Wengi huona ada ya mtaalamu huyo kama fedha iliyopotea, ilhali mchanganuo wake ndio karatasi pekee itakayomwambia mjenzi, kabla hajachimba, kwamba nyumba anayoitaka ni kubwa kuliko uwezo wake. Katika makadirio hayo wataalamu huweka akiba ya dharura, aghalabu asilimia 5 hadi 10. Kwa anayejenga kwa miaka kadhaa, akinunua vifaa kidogo kidogo kwa bei zinazobadilika, asilimia 20 ni kiwango cha uangalifu.

Watanzania wanaoishi Oman, Uingereza, Marekani na kwingineko wanastahili neno la pekee, kwa kuwa wao hujenga kwa macho ya mtu mwingine. Ndugu anayesimamia ujenzi huo kwa kawaida haelezwi kama ni mfanyakazi au ni mtu wa kusaidia tu. Halipwi, lakini anapoteza siku zake za kazi, na jamaa huja kusambaratika kwa sababu ya mifuko ya saruji isiyoonekana. Ni haki msimamizi apewe ujira unaojulikana, daftari la mapokezi na matumizi, na mamlaka yenye mipaka. Na ni busara fedha itumwe kwa hatua, baada ya picha na vipimo vya hatua iliyotangulia kuthibitishwa na mtaalamu asiye wa ukoo.

Hoja mbili za upinzani zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kuta, hata zisizo na paa, hulinda kiwanja dhidi ya wavamizi. Ni kweli kwamba kiwanja kitupu hukaribisha tamaa, lakini chumba kimoja kilichokamilika na chenye mtu anayewasha taa jioni hulinda kiwanja kuliko mita mia za kuta zisizo na mwenyewe, na chumba hicho kinaweza baadaye kuwa cha mpangaji au stoo. Ya pili ni kwamba bei hupanda, kwa hiyo ni afadhali kuanza na nyumba kubwa leo kuliko kuisubiri kesho. Hoja hii husahau kwamba bei zinazopanda huongeza pia gharama ya umaliziaji ambao bado haujafanyika, na kwamba mjenzi huyo analipa kodi ya pango kila mwezi wa kungoja. Anayeanza na kikubwa asichoweza kukimaliza anakutana na bei ya kesho akiwa na mzigo mara mbili.

Zaidi ya shilingi, kuna gharama ya maisha ambayo hakuna mchanganuo unaoitaja. Ujenzi usiokadiriwa hula ada za shule, hula mtaji wa duka, hula bima ya afya, na huleta ugomvi kati ya mume na mke waliokubaliana juu ya ramani bila kukubaliana juu ya kile watakachokiacha ili kuilipia. Mstaafu anayeingiza kiinua mgongo chote katika kuta za nyumba ya ghorofa hukaa ndani ya boma lisilo na dari akiwa hana fedha ya dawa, na hilo ni jambo la kuhuzunisha kwa mtu aliyelitumikia taifa miaka 30. Nyumba ipo kwa ajili ya wanaoishi ndani yake, na mpango unaowanyima chakula, elimu na amani kwa muongo mzima umekwisha kushindwa hata kama kuta zake zimenyooka.

Mzigo huu usiachwe kwa mwananchi peke yake. Halmashauri za miji na wilaya zina uwezo wa kuandaa michoro michache ya nyumba zinazokua kwa awamu, zikaiuza kwa bei ndogo pamoja na kibali kinachotambua kuwa awamu ya kwanza ni nyumba kamili. Benki na vyama vya akiba na mikopo vina uwezo wa kutoa mikopo midogo kwa hatua maalumu, kama vile mkopo wa paa au mkopo wa umaliziaji wa vyumba viwili, ambayo mtu hulipa kwa fedha aliyokuwa akilipa kama kodi. Wakala wa serikali unaoshughulikia utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi umekuwa ukieneza matofali yanayofungamana, yaani yanayoshikana yenyewe na kupunguza sana matumizi ya udongo wa saruji, na elimu hiyo inastahili kufika katika kila kata pamoja na mashine zake na mafundi waliofunzwa kuyapanga.

Anayejiandaa kujenga, basi, na aanze na maswali manne kabla ya kumwita fundi: ana fedha kiasi gani iliyo hakika katika miaka miwili ijayo, familia yake inahitaji vyumba vingapi kwa sasa, waliojenga jirani walitumia kiasi gani hadi kuhamia, na fedha ikikatika, ujenzi utasimama wapi bila kuharibika. Akishapata majibu, na apunguze ramani mpaka iingie ndani ya majibu hayo, amlipe mtaalamu aikague, kisha ajenge kipande cha kwanza hadi mwisho, pamoja na choo, dari, mlango na rangi yake, na ahamie. Chumba kimoja kilichokamilika ni bora kuliko vyumba sita visivyo na paa, na familia inayolala ndani ya nyumba yake ndogo ina nafasi kubwa zaidi ya kuijenga ile kubwa.